Ukurasa wa Kijiko

9 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na hao wajukuu wenu wanaokula sabuni. Sisi huku hatujambo, ukiliacha goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Kazini ni yaleyale. Mashine kubwa ya kukaushia imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya wodi zote tunaanika uani na kukimbizana na mawingu. Msimamizi mpya wa ufuaji ni mtoto wa juzi, ananiita bibi. Nimemwambia bibi yako yuko kwenu, mimi hapa nimekuja kufua. Paa la jikoni nimelipatia fundi, halivuji tena. Kijana yupo.

Jarida la chama chenu nimelipata. Hongera sana. Kila mwaka linazidi kupendeza. Picha zimetoka vizuri na maandishi yanasomeka bila shida. Najua si kazi ndogo kuwakusanya wanajeshi wastaafu na kuwafanya waandike. Mungu akupe nguvu uendelee nalo.

Wifi mwambie yale mafuta ya kuchua yamekwisha, na goti linamkumbuka.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliipokea zamani kidogo, nikaiweka mahali pazuri mpaka nikapasahau mahali penyewe. Macho nayo yanaanza kunigomea, nasoma kwa kusogeza karatasi mbele na nyuma kama mpiga kinanda cha mkono. Mke wangu hajambo, mafuta anakutumia. Wajukuu wameacha sabuni, sasa wanakula chaki.

Ahsante kwa sifa zako. Ila, Dada, jarida la mwaka huu halina picha hata moja. La mwaka jana pia halikuwa nazo. Na mwaka juzi uliniandikia kwamba mashairi yamekugusa moyo, wakati mashairi tuliyaacha siku nyingi, tangu mshairi wetu alipogombana na Mwenyekiti.

Sikulaumu. Humu ndani mwangu linafungiwa vitunguu. Nakwambia kwa sababu nimechoka, na mtu aliyechoka hana nguvu ya kupokea sifa za uongo hata kama zinatoka kwa dada yake. Kila mwaka kuanzia mwezi wa sita nawaandikia wenzangu: leteni habari, leteni kumbukumbu, leteni hata malalamiko. Hawaleti. Anayeleta ni Mwenyekiti peke yake, na analeta salamu za Mwenyekiti. Ukurasa unaokua bila kubembelezwa ni ule wa waliotangulia mbele ya haki. Mwezi ujao tuna kikao. Nitapendekeza na jarida tulizike.

Sasa nami nikuulize. Umeandika "kijana yupo." Mwaka jana uliandika "kijana hajambo." Yupo ni neno la kuku asiyepotea, Dada. Mpwa wangu ana hali gani?

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafuta yamefika, wifi abarikiwe.

Umenikamata kama mwizi wa kuku mwenye manyoya mdomoni. Nilicheka, kisha nikaona haya, kisha nikakasirika kwamba umenyamaza miaka yote hiyo ukiniacha nisifie picha za hewani. Basi nikalichukua jarida lako, nikaenda nalo kazini, na wakati wa mapumziko nikakaa juu ya gunia la taulo nikalisoma lote. Sifa zangu za kweli ni hizi.

Salamu za Mwenyekiti ni ndefu kama foleni ya hospitali. Nilisinzia katikati, nikaamka bado anasalimu. Yule anayeeleza namna ya kufuatilia pensheni anaeleza vizuri, hata mimi nisiye na pensheni nilielewa. Lakini huyo anayejiita Kijiko, wa ule ukurasa wa jikoni! Pale ofisa alipolalamika kwamba supu yake haina ladha, naye akamjibu "chumvi haina cheo, afande, imewasahau wote," nilicheka kwa sauti mpaka wenzangu wakaja kuuliza nina nini. Nikaanza kuwasomea. Nikafika pale anapoeleza jioni ile aliyopika chakula cha kikosi kizima, na kikosi kikarudi nusu, na sufuria ikabaki imejaa, na kila aliyepewa nyongeza aliigeuzia uso, naye hakuweza kukimwaga. Hapo nikalifunga jarida. Tukarudi kwenye mashuka.

Huyo mwambie nimemsifu. Na sikumsifia picha.

Kuhusu mpwa wako. Tangu aliporudi kutoka kule walikopelekwa kulinda amani, anakaa chumba cha nyuma. Sasa ni mwaka wa pili. Anakula nikishaondoka mezani. Zipo siku anafika getini, anashika komeo, anarudi. Hanitukani, hanywi, hafanyi lolote la kumwambia jirani. Yupo. Sikuwa na neno jingine. Usiniulize zaidi, maana ukiuliza nitajibu, na nikijibu nitalia, na nikilia nitachelewa kazini.

Ila kuna hili. Jarida niliporudi nalo nililiweka mezani, asubuhi halikuwepo. Nilipoingia kwake kuchukua mashuka ya kufua nikalikuta kitandani, limekunjwa kwenye ukurasa wa huyo Kijiko. Nikatandika, nikalirudisha palepale kama lilivyokuwa.

Usilizike jarida, mdogo wangu. Angalau si mwaka huu.

Dada


20 Juni

Dada,

Shikamoo. Huku wote wazima, mvua tu ndiyo haituachi.

Barua yako imenifikia kikao kikiwa kimeshakwisha. Nilipendekeza kama nilivyokwambia, na mikono ikapanda upesi kiasi kwamba nilikaribia kuomba washushe tupige tena kura. Hakuna hata aliyejifanya kusikitika. Mwenyekiti amesema tutumie kundi la simu, ni rahisi na la kisasa. Kundi lenyewe limeanza. Kila asubuhi napata maua kumi na moja na maneno ya kunitakia siku njema kutoka kwa watu ambao kwa miaka minane wameshindwa kuniandikia nusu ukurasa. Na simu yenyewe, unajua masikio yangu yalivyoachwa na mizinga, nikipigiwa nasikia mbu.

Wamenikubalia toleo moja la mwisho, litoke mwishoni mwa mwaka. Hilo nitalifanya.

Nakutumia furushi la majarida yote ya nyuma niliyobaki nayo. Kijiko yumo kwenye mengi. Mwekee mpwa wangu mlangoni. Usimwambie kitu.

Mdogo wako


11 Agosti

Mdogo wangu,

Hatujambo. Msimamizi sasa ananiita mama, tumefika mahali pazuri. Mashine ya kukaushia imepona, ikaugua tena.

Furushi nililiweka mlangoni kwake nikaenda zamu. Niliporudi halikuwepo. Siku nyingi zikapita, sikusikia ila kurasa zikifunuliwa. Jumapili nilikuwa jikoni nachambua mchele, akatoka, akavuta kiti, akakaa. Niliendelea kuchambua. Niliogopa hata kupiga chafya.

Akaniuliza, "Huyu Kijiko yuko hai?"

Nikamwambia, "Sijui. Mjomba wako ndiye anayejua."

"Watu hawaandiki mambo haya," akasema. "Wanaandika gwaride. Wanaandika nishani. Huyu ameandika chakula kilichobaki."

"Na wewe kule mlikuwa na mpishi?"

"Mimi nilikuwa nabeba hicho chakula kwenye lori, mama."

Basi, nikadhani ataondoka. Lakini hakuondoka. Alikula pale pale mezani, mbele yangu, mpaka akakomba sahani. Ungedhani ningerukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimechoka hata kufurahi, nikakaa tu namtazama anavyotafuna.

Juzi amenipa barua, ameigandisha kwa gundi, juu imeandikwa Kijiko. Nimeitia humu. Sijaifungua. Niliishika juu ya mvuke wa birika, kisha nikajionea aibu nikaitoa.

Sasa nisikilize. "Chumvi haina cheo" alikuwa anasema baba, kila mama alipomlalamikia mboga. Toka nizaliwe sijamsikia mwingine akiisema. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka tu. Mara ya pili, usiku nilipokosa usingizi, nikasikia sauti ya baba, halafu nikasikia yako.

Mjibu utakavyoona. Lakini mjibu.

Dada


5 Septemba

Dada,

Shikamoo. Ni mimi.

Mpishi wetu alishikwa na homa kali, wakanitoa kwenye redio wakaniweka jikoni, maana nilikuwa nimekaa bure, mtambo umeharibika. Jioni ile niliyoieleza ilikuwa ya kwanza kwangu kupika. Yote yalitokea. Jina tu ndilo la kuazima. Watu walipoacha kuleta habari nilianza kujaza kurasa mwenyewe, na nikagundua kwamba chini ya jina la mtu mwingine naweza kusema. Mke wangu hajui. Mwenyekiti alikuwepo jioni ile, naye hajawahi kuniuliza.

Barua ya mpwa wangu nimeisoma. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama ni presha. Alichoandika sikuambii, na usiniombe. Hakukuandikia wewe, wala hakuniandikia mimi, alimwandikia mpishi.

Nimefikiri sana nimjibu kwa jina lipi. Kijiko angeweza kuendelea naye miaka. Lakini siwezi kumdanganya mtoto aliyeniambia kweli kiasi kile. Nimemjibu kwa jina langu. Barua yake ni hiyo bahasha ndogo.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Alisoma barua yako amesimama. Akamaliza, akaisoma tena, akaikunja vizuri. Halafu akayatoa majarida yote akayaweka nje ya mlango, akaingia.

Nikagonga. Nikamwambia, "Mjomba wako hakukusudia ubaya."

Akafungua. Sijamsikia akipaza sauti tangu arudi, mpaka siku hiyo. "Alikuja hapa!" akasema. "Mwaka jana. Alikaa kwenye kiti kile. Akanigonga begani, akaniambia nianze kukimbia asubuhi, mwili ukichoka kichwa kitatulia. Akanisimulia mpira. Na yote haya alikuwa nayo! Angenipa hata moja, mama. Hata moja."

Na mimi siku hiyo nilikuwepo, niliwaletea chai.

Ungemwachia Kijiko wake. Alikuwa ameanza kula mezani. Sasa ninaweka sahani na kuondoka kama zamani. Wewe umeutua mzigo wako wa kusema kweli, na mimi ndiye niliyeokota majarida sakafuni, kwa goti hili.

Salamu sitoi leo. Sina.


26 Oktoba

Dada,

Shikamoo, hata kama huitikii.

Ni kweli alivyosema. Siku ile nilipomwona kwenye kiti nilijua anachokitazama ukutani, maana mimi nimekitazama miaka. Nikaogopa. Nikasimulia mpira. Sina utetezi na sitautafuta.

Jarida la mwisho liko kwa mpiga chapa. Yakitoka makaratasi yatakuja hapa kukunjwa, kubanwa na kutiwa kwenye bahasha, na mikono ya mke wangu inamsumbua mwaka huu, vidole havikunjuki asubuhi. Mwambie mpwa wangu kuna kazi, kama ataitaka. Kuna chumba kinachotazama uani. Mlango wake una ufunguo kwa ndani. Sitamwambia akimbie. Akitaka kuninunia ataninunia huku, kazi ya kukunja haihitaji maneno. Na kama hataki kuja, mwambie sikukasirika.

Nakuomba umsomee kipande hiki jinsi kilivyo.

Mdogo wako


20 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nilimsomea nikiwa nje ya mlango. Nikaenda zangu kupiga pasi. Wiki nzima hakusema neno, mimi nikajua ndiyo imeisha. Jana akaja na viatu mkononi, akaniuliza basi la kwenu linaondokea wapi siku hizi. Nikamwelekeza kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia bomba.

Barua hii anakuletea mwenyewe. Kwa hiyo ukiwa unaisoma, yuko mbele yako, na ninakuomba uiweke chini baada ya kumaliza umtazame, usiisome mara mbili.

Chai anakunywa bila sukari. Kelele za mlango kugongwa kwa upepo hazipendi, wekeni kitu. Asipotokea kula mwache, atakula baadaye. Wajukuu wasimpande mgongoni kwa ghafla, wamwambie kwanza.

Jana hiyo hiyo jioni alitaka kujaribu, nikamfikisha mpaka getini. Alishika komeo, akakaa nalo. Nikasema moyoni, anarudi. Akalifungua.

Dada yako


14 Desemba

Dada,

Shikamoo. Najua umekaa roho juu, lakini nilitaka nikuandikie nikiwa na la kusema.

Siku za mwanzo alilala. Nilijifanya sijali, nikawa nasafisha redio moja ile ile. Baadaye makaratasi yakaletwa, marundo mpaka dirishani, akaja akakaa upande wa pili wa meza akaanza kukunja. Anakunja vizuri kuliko mimi, pembe zinakutana. Siku nyingine nikasikia anasema, "Mjomba, ile sufuria mwishowe uliifanyaje?" Nikamwambia. Halafu yeye akaniambia ya lori. Ni ile aliyomwandikia Kijiko, lakini safari hii aliisema kwa mdomo, polepole, mikono inakunja. Mara mbili nilimwomba arudie, kwa ajili ya masikio haya, naye akarudia. Nilitaka kufa kwa kumrudisha pale. Akasema hapana, kurudia si vibaya.

Usidhani amepona. Usiku anatembea uani, na juzi taa ilipopasuka alikaa chini ya meza, mimi nikakaa naye, mke wangu akatuletea chai huko huko bila kuuliza. Wajukuu wanamwambia kwanza, "Tunakupanda," ndipo wanampanda.

Jarida ndilo la mwisho, hilo halijabadilika, na nashukuru, nimechoka. Kurasa chache mpiga chapa alikuwa bado hajazichapa, nikampa azipitie, akakata nusu ya salamu za Mwenyekiti kwa kalamu. Ukurasa wa jikoni mwaka huu umetoka kwa jina langu. Mwenyekiti alikuja kuchukua nakala zake, akausoma akiwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Nilikuwa wa tatu kwenye foleni jioni ile. Nilikataa nyongeza." Akakaa nasi mpaka jioni, akakunja karatasi chache, vibaya. Alipokuwa anaondoka ndipo akauliza salamu zake nyingine zimekwenda wapi.

Mpwa wangu atakaa kidogo. Mke wangu anasema akae hata mwaka. Bahasha zote anaandika yeye, macho yangu hayawezi tena. Nakala yako iko njiani.

Mdogo wako


15 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba, na wifi nampa pole ya vidole. Huku ni joto, mashuka yanakauka kabla hujageuka, kwa mara ya kwanza hatulaumiani na mashine.

Jarida nimelipata leo. Halikuingia kwenye sanduku kwa unene, wakaniachia karatasi nikachukulie dirishani. Nilipanga foleni na goti langu. Nilipofika, yule binti wa posta akaigeuza bahasha huku na huku, akaniuliza, "Hii mbona haina jina? Imeandikwa 'Mama' tu, na namba ya sanduku. Mama nani?"

Nikamwambia, "Mama wa aliyeandika."

Akanitazama, akanisogezea kitabu nitie sahihi.

Nimekaa kwenye benchi la nje la posta nimelisoma lote, mpaka na bei za jeneza za chama. Ni zuri. Mwambie nimesema hivyo, na kwamba chumba chake nimekifungua madirisha.

Dada yako